Historia ya mjomba ambaye hakuoa: tuiandikeje kwa ajili ya arobaini?

mpwa_wa_korogwe
Habari wakuu. Mjomba wetu, kaka yake mama, amefariki Korogwe alikokuwa fundi cherehani tangu ujana. Hakuoa, na kwa tunavyojua hakuacha mtoto. Historia iliyosomwa makaburini ilikuwa mistari michache tu: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, aliugua. Misa ya arobaini inakaribia na ukoo unataka historia ya maana pamoja na kijitabu cha picha. Tulichonacho ni kadi ya ubatizo iliyochanika, madaftari ya vipimo vya wateja, daftari la madeni na picha za zamani zilizonasa kwenye albamu. Tuanzie wapi? Na pale pa "ameacha mjane na watoto" tuweke nini?

karani_wa_ukoo
Poleni sana. Historia za misiba yetu zimejengwa juu ya ndoa, kwa hiyo ukiiondoa ndoa hakibaki kitu. Huyu mjengeeni juu ya kazi: alijifunza kwa fundi gani, cherehani ya kwanza aliipataje, alishonea kwenye kibaraza cha nani, alihama lini, aliwafundisha akina nani.

Anzeni na madaftari ya vipimo. Fungueni kurasa za Desemba na Januari, msimu wa sare za shule. Jina la mtoto likijirudia mwaka hadi mwaka, kiuno kikipanda kutoka inchi 20 hadi 26, hiyo ni familia aliyoishonea muda mrefu. Chagueni majina kumi hivi yanayojirudia sana, muwafuate wenyewe.

Msiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Mtajibiwa "mpole, mcheshi, mpenda watu", maneno yanayomfaa marehemu yeyote. Ulizeni mambo ya kushikika. Alifungua saa ngapi? Nani alikuwa hakosi kwenye benchi lake? Nguo ya sikukuu ilipochelewa alijitetea vipi? Mchana alikula kwa mama lishe yupi, na alilipa papo hapo au mwisho wa mwezi? Akiugua, nani alimpelekea uji? Hilo la mwisho msilisahau. Mara nyingi jibu lake ni jina la mtu ambaye ukoo haumfahamu kabisa, na ndiye mwenye habari nyingi kuliko ninyi nyote.

Pale pa mjane na watoto andikeni "hakuoa", mara moja, bila maelezo. "Hakujaliwa" na "hakubahatika" ni kumsemea. Kisha ameacha dada, wadogo zake, wapwa, na mafundi aliowafundisha, hao kwa majina.

Urefu uwe ukurasa mmoja na nusu wa A4, herufi za ukubwa wa 12, yaani dakika tano au sita. Ikizidi hapo watu wanaanza kuangalia masufuria. Na mwulizeni paroko mapema. Kwa kawaida maneno mafupi ya kumbukumbu huruhusiwa baada ya komunyo, si mahali pa mahubiri. Ile ndefu isomwe nyumbani.

mzee_wa_reli
Naongezea upande wa tarehe, maana hapo ndipo historia nyingi hudanganya bila kukusudia.

Kadi hata ikichanika, kama namba inasomeka nendeni parokia alikobatizwa. Daftari la ubatizo lina majina ya wazazi, msimamizi wake, na tarehe ya kuzaliwa au makadirio. Lina pia nafasi ya kipaimara na ndoa, kwa sababu ndoa ya kanisani ikifungwa parokia nyingine taarifa hurudishwa kuandikwa hapo. Nafasi ya ndoa ikiwa tupu mna pa kusimamia, ingawa haikanushi ndoa ya kimila wala ya bomani. "Hakuacha mtoto" msiandike mpaka wazee wakae na kuulizana. Sentensi hiyo ikisomwa hadharani kisha akatokea kijana, mmejitafutia kesi.

Tafuteni na kadi nyingine kwenye vitu vyake, nazo husaidia kukisia miaka. Kadi ya TANU ni ya kabla ya 5 Februari 1977, CCM ilipozaliwa. Kadi ya NPF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi uliotangulia NSSF, ina maana aliwahi kuajiriwa kabla ya sheria ya NSSF ya 1997. Kwa Korogwe, ulizeni kwenye mashamba ya mkonge.

Wazee wasiokumbuka mwaka wapeni matukio: ilikuwa kabla au baada ya Azimio la Arusha (1967), vita vya Kagera (1978–1979), msiba wa Sokoine (Aprili 1984), mvua za El Niño (1997–1998), kifo cha Mwalimu (Oktoba 1999)? Kwa fundi yapo mawili zaidi: uhaba wa vitambaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, halafu mitumba ilipojaa na kazi ikageuka kuwa kubana na kupunguza.

Mkiambiwa alitoka Dodoma kwa treni hadi Korogwe mwaka 1960, ulizeni tena. Reli ya Tanga iliunganishwa na reli ya kati mwaka 1963, kipande cha Ruvu hadi Mruazi.

picha_za_zamani
Picha zilizonasa msizibandue kwa nguvu wala kwa joto. Pigeni picha kwanza ukurasa mzima ulivyo, kisha pitisheni uzi mwembamba wa nailoni chini ya picha, polepole, kutoka pembeni. Iliyogandana na kioo iacheni humo humo.

Pasipoti saizi iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, maana itakuzwa. Za ukubwa wa postikadi 300 zinatosha. Kwa simu, kaeni kivulini bila flashi, simu iwe sambamba na picha. Angalieni nyuma, huenda kuna muhuri wa studio na mwaka. Mkitumiana WhatsApp tumeni kama dokumenti, la sivyo inabanwa na chapa inatoka na ukungu. Kurasa za kijitabu zigawanyike kwa nne, la sivyo mtabaki na kurasa tupu.

mpwa_wa_korogwe
Asanteni sana. Daftari la madeni nalo litajwe?

karani_wa_ukoo
Hapana, hata kwa utani. Wanaodaiwa watakuwa wamekaa mkekani. Alichokuwa akidai ni sehemu ya mali, alichokuwa akidaiwa na wenye vitambaa ni deni, na yote ni kazi ya msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo humtaka ajaze orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe.

Ila nguo za wateja zilizobaki dukani si mirathi. Zirudisheni kwa kufuata vipande vya majina vilivyobanwa kwa pini, mkilinganisha na daftari. Na kabla ya kugusa cherehani yoyote waulizeni wanafunzi wake, kwani mara nyingi moja huwa ya mwanafunzi.