Gego la Kitinda: gumzo la kikundi cha Nyumba ya Chumbageni

Kitinda (Columbus): Shikamooni wakubwa. Naomba mawazo yenu leo leo, maana kazini dirisha la kuchagua bima linafungwa Ijumaa. Lile gego langu la chini kulia lililozibwa zamani limepasuka juzi nikila karanga. Daktari kaweka dawa ya muda tu. Anasema linataka kutibiwa mzizi, kujengwa ndani, kisha livalishwe kofia. Bila bima ni dola 2,970. Kung'oa ni dola 280.

Shangazi Chumbageni: Marahaba mwanangu, pole sana. Sasa kwa tofauti hiyo si uling'oe tu upumzike?

Binamu Daktari (Dar): Mama, hapana, tusimshauri hivyo. Gego la kwanza ndilo linalobeba kazi ya kutafuna. Likitoka, la nyuma yake linalala kuelekea kwenye pengo, na la juu linashuka kwa kukosa mwenzake. Kama linaokoleka, liokolewe. Kitinda, tuma eksirei na karatasi ya matibabu.

Kitinda (Columbus): [picha] [picha] Wameandika jino namba 30. Halafu D3330, D2950, D2740.

Binamu Daktari (Dar): 30 yao ndiyo 46 yetu huku. Wamarekani wanahesabu moja hadi 32 kuanzia gego la mwisho juu kulia, sisi tunagawa kinywa robo nne. Ni jino hilo hilo. D3330 ni kutibu mzizi wa gego, D2950 kujenga kiini, D2740 kofia ya kauri. Kwa picha hii sioni usaha, ila aliyekupima ndiye mwenye neno. Usiku linakuamsha? Shavu limevimba?

Kitinda (Columbus): Haliniamshi, wala sijavimba. Linashtuka nikinywa baridi tu.

Binamu Daktari (Dar): Vizuri, basi una nafasi ya kuchagua bima kwa utulivu. Ila ukivimba, ukapata homa au ukashindwa kumeza, acha habari za bima nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Shangazi Chumbageni: Na karafuu asiweke?

Binamu Daktari (Dar): Anayo tayari mama. Dawa ya muda mara nyingi huchanganywa na mafuta ya karafuu. Kitinda, si umesikia harufu ya pilau mdomoni?

Kitinda (Columbus): Kumbe! Nilidhani ni mimi tu. Basi nisimwage mengine juu?

Binamu Daktari (Dar): Usimwage. Mafuta yenyewe yanaunguza fizi.

Kitinda (Columbus): Sawa. Kuhusu bima nimepata mbili. Ya kazini dola 23 kwa mwezi, inaanza Januari mosi. Nyingine ya mtandaoni, dola 31, hiyo inaanza mwezi ujao. Nilitaka kuchukua ya mtandaoni kwa sababu inawahi.

Da Mkubwa (Minneapolis): Mdogo wangu simama hapo hapo usilipe kitu. Nimetoka zamu sasa hivi, nipe dakika niandike.

Da Mkubwa (Minneapolis): Nakuandikia haya kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Mwaka 2019 niliumwa jino sina bima, nikang'oa mwezi wa sita. Mwezi wa tisa nikanunua bima kwa kujisifu kwamba sasa nitaweka daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya pembeni, pale kwenye pengo. Wakaniambia kazi kubwa ngoja miezi 12. Nikangoja. Nikawa natafuna upande mmoja mwaka mzima. Nimeshalipa miezi 14, dola 38 kila mwezi, yaani dola 532, ndipo barua inakuja: jino lilitoka kabla bima haijaanza, kwa hiyo daraja halilipwi. Kile kifungu kilikuwamo kwenye kijitabu tangu siku ya kwanza, ukurasa wa 11. Hakuna aliyenionyesha, na mimi sikusoma. Niliketi kwenye gari nikalia.

Da Mkubwa (Minneapolis): Kwa hiyo kwanza: usithubutu kung'oa kabla ya bima kuanza. Pili: tazama muda wa kungoja kabla hujatazama bei. Fungua ile ya mtandaoni, nenda sehemu ya kazi kubwa, unisomee.

Kitinda (Columbus): Kusafisha na kupima 100%, hakuna kungoja. Kuziba 80% baada ya miezi 6. Kazi kubwa 50% baada ya miezi 12. Kutibu mzizi wameweka kwenye kazi kubwa. Ukomo wa malipo yao dola 1,000 kwa mwaka.

Da Mkubwa (Minneapolis): Umeona? Inawahi kuanza, lakini kwa gego lako hailipi hata senti mwaka mzima. Utakuwa umewapa dola 372 wakusafishe meno.

Baba Mdogo (Houston): Kweli kabisa anachosema Da Mkubwa. Soma na ya kazini.

Kitinda (Columbus): Shikamoo Ba'mdogo. Ya kazini: dola 50 za mwanzo kwa mwaka natoa mwenyewe. Kutibu mzizi 80%. Kujenga na kofia 50%. Hakuna kungoja ukijiunga kupitia mwajiri. Ukomo dola 1,500.

Da Mkubwa (Minneapolis): Sasa piga simu kliniki uulize mambo mawili. Wana mkataba na bima hiyo? Kama wanao, kila namba ya D kwenye karatasi yako ni bei gani kwa mkataba? Usiulize "mnapokea bima hii?" Watasema ndiyo. Kupokea ni kukujazia fomu tu, mkataba ndio unaowabana bei.

Shangazi Chumbageni: Hivi huko bima ya afya haijumuishi meno? Meno si mwili?

Baba Mdogo (Houston): Dada yangu, huku meno wameyatenga. Sheria ya bima ya afya ya Obama ya 2010 imelazimisha meno kwa watoto, watu wazima wakaachwa nje. Hata mimi mzee mwenye Medicare, bima ya serikali ya wazee, ile ya kawaida hainilipii kusafisha wala kuziba. Mimi kofia zangu mbili niliwekewa chuo cha meno. Wanafunzi wanafanya, mwalimu anakagua kila hatua. Unakaa kitini saa tatu nzima, lakini bei ni nafuu sana. Hapo Columbus pia chuo kikuu cha Ohio State kina kitivo cha meno, na wanafunzi wanatibu watu.

Kitinda (Columbus): Nimerudi. Wana mkataba. Mzizi 900, kujenga 220, kofia 950. Jumla 2,070 badala ya 2,970.

Da Mkubwa (Minneapolis): Alhamdulillah, umepunguziwa dola 900 bima haijatoa hata shilingi. Twende. Mzizi: 900 toa 50, baki 850, asilimia 80 ni 680. Kujenga 110. Kofia 475. Bima inatoa 1,265, haijagusa ukomo wa 1,500. Wewe unatoa 805. Ongeza 276 za mwaka mzima: 1,081.

Kitinda (Columbus): Kutoka 2,970! Da Mkubwa, Mungu akuweke.

Da Mkubwa (Minneapolis): Bado. Waombe kliniki watume makadirio kwa bima kabla ya kuanza, bima ijibu kwa maandishi. Kuna bima kwenye magego zinalipia kofia ya chuma hata ukiweka ya kauri, tofauti juu yako. Heri uijue kabla ya kuketi kitini.

Binamu Daktari (Dar): Na jino lisiguswe kabla ya Januari mosi. Kazi iliyoanza kabla ya bima mara nyingi wanaikataa. Likikuzidi maumivu Desemba, usiteseke: tibu mzizi kwa fedha yako, nenda hata hapo chuoni, kofia ibaki ya Januari. Hiyo inahesabika kazi nyingine. Ila usikawie. Gego lililotibiwa mzizi bila kofia linapasuka kirahisi, na likipasuka kwenda chini ya fizi ndipo kweli litang'olewa.

Kitinda (Columbus): Na hii kadi ya punguzo ya dola 9 kwa mwezi mwenzangu kazini anayoisifia?

Da Mkubwa (Minneapolis): Hiyo si bima. Haimlipi daktari chochote, inakupunguzia bei kwa madaktari waliokubali. Inamsaidia asiyekuwa na mwajiri kama wako.

Kitinda (Columbus): Nimejiunga ya kazini. [picha] Kliniki wamenipa tarehe 8 Januari, na makadirio wanatuma wiki ya kwanza bima ikianza.

Da Mkubwa (Minneapolis): Jibu likija, litume hapa kabla hujasaini chochote. Ukurasa mzima, na yale maandishi madogo ya chini.

Shangazi Chumbageni: Haya mwanangu. Huku ni saa tatu usiku, naenda kulala nimeridhika. Karanga acha, na utafune kushoto mpaka Januari.