Naomba ushauri: gego la mwisho limeota kwa kulala, ning'oe?

Wakuu, habari zenu. Nina miaka 24. Gego la mwisho la chini kushoto limechomoza ncha tu, fizi imelifunika nusu kama kofia. Chakula kinanasa humo, panavimba, na juzi hata kupiga mwayo nilishindwa. Nikisukutua maji ya chumvi napata nafuu siku mbili, kisha yaleyale. Eksirei inaonyesha limelala, limeegemea gego la jirani. Daktari anashauri ling'olewe kabla halijamwozesha mwenzake.

La kulia nalo limelala, ila haliumi kabisa. Hilo nitoe pia, au niliache liwe linaangaliwa tu? Mizizi yake iko karibu na mshipa wa fahamu, na ganzi ya mdomo isiyoisha ndiyo inayonitisha kuliko koleo. Mliopitia, mlianza kutafuna vizuri baada ya siku ngapi?