Si jua la Uganda linalokula makava ya mabwawa, ni klorini yenu!

Wadau, leo nina hasira na sitaomba radhi. Nasimamia nyumba ya wageni upande wa Entebbe, bwawa letu ni la mita kumi kwa tano, si kubwa. Kampuni inayotuhudumia (jina naliacha, maana wengi wao ni walewale) ilituuzia kava la viputo, ile nailoni ya buluu, kwa mamilioni ya shilingi. Mwaka wa pili haujaisha, kava linapukutika. Ukilivuta linaacha vipande majini, vipande vinaingia kwenye skima (tundu la pembeni linalonyonya uchafu wa juu ya maji), filta inaziba, na wageni wanatoka bwawani na magamba ya buluu mgongoni. Napiga simu, najibiwa hata kabla mtu hajaja kuangalia: "Jua la huku kali, bosi. Tutakuletea jingine."

Jua! Kwani ikweta imepitishwa Uganda jana? Kama bidhaa haiwezi jua la hapa, mngesema kabla ya kupokea hela.

Haya, tuliongelee hilo jua. Wenye tatizo kama langu, nendeni mkatazame kava lenu. Pembeni kuna ukingo unaolala juu ya vigae bila kugusa maji. Ukingo huo unapigwa na jua lilelile kutwa nzima. Wetu bado mlaini, unakunjika vizuri, umefifia rangi kidogo tu. Sasa njoo katikati, ugeuze upande wa chini: viputo vimekakamaa, ukivibonyeza vinavunjika kama ganda la yai. Ni jua gani hilo lililoruka ukingo, likapiga mbizi, likaanza kula kutoka chini?

Ni klorini, na wanajua. Bwawa likiwa wazi, jua huila klorini. Isipokuwa na kemikali ya kuikinga, sehemu kubwa hupotea ndani ya saa chache. Ndiyo maana fundi wa bwawa la wazi kila mara anaongeza. Ukishafunika, klorini haipotei kwa kasi ile, kwa hiyo dozi lazima ishuke. Idara ya Nishati ya Marekani inasema kava hupunguza matumizi ya kemikali kwa asilimia 35 hadi 60, na maji ya kujazia kwa asilimia 30 hadi 50. Faida hiyo ndiyo waliyotuimbia siku ya kuuza. Lakini kijana wao anakuja na kopo lilelile, dozi ileile ya kabla ya kava, anamwaga klorini ya unga jioni, anavuta kava juu yake papo hapo, anapanda boda anaondoka. Dozi kubwa ikiingia, bwawa linatakiwa kuachwa wazi na pampu ikizunguka mpaka kiwango kishuke. Yeye anaifungia chini ya plastiki usiku kucha.

Nikanunua kipimo changu mwenyewe. Klorini inatakiwa iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Maji yetu yalipita rangi ya mwisho kwenye kadi! Na pH, yaani kiwango cha asidi ya maji, inayotakiwa kukaa kati ya 7.2 na 7.8, kijana aliniambia hajawahi kupewa cha kuipimia. Simlaumu yeye. Anatumwa mikono mitupu na watu wanaotutoza ada ya "huduma kamili" kila mwezi.

Karatasi ya maelekezo waliyotuachia ndiyo kichekesho: inaeleza jinsi ya kuondoa theluji. Theluji, Entebbe! Kuhusu kaloli, wale korongo wakubwa wanaotua pembeni na kuachia vinyesi vyao, kimya. Kuhusu nzi wa ziwani wanaokuja kama wingu na kulala wamekufa juu ya kava, kimya. Mvua za Machi hadi Mei je? Kila milimita 10 ikinyesha kwenye kava la ukubwa wa letu ni lita 500 za maji, na yanatuama yakichanganyika na uchafu wote huo. Dawa yake si ngumu: toa maji kwanza, sugua kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, suuza, ndipo uvute. Wao wanavuta na uchafu wake, supu yote inamwagika bwawani, kisha wanasema maji yamechafuka, tuongeze klorini. Mnaona mchezo?

Tena wakishalitoa wanalibwaga juani likiwa limekunjwa, joto linajifungia kati ya mikunjo mpaka plastiki inagandana. Hapo ndipo jua linaharibu kweli, na ni wao walioliacha pale. Linatakiwa kivulini, au lifunikwe shuka jeupe. Na libebwe na watu wawili, si kuburutwa kwenye mawe.

Hayo yote ni hasara ya pesa. Lililonipandisha damu zaidi ni muuzaji wao kumwambia mama mmoja, mteja mwenzangu, kwamba kava hilo "linalinda watoto". Uongo wa hatari! Kava la viputo linaelea tu. Mtoto akikanyaga linazama naye, linamzunguka, na aliye nje haoni kitu. Kava la usalama ni kitu kingine kabisa: kipimo cha Marekani, ASTM F1346, kinataka libebe kilo 220 hivi, yaani watu wazima wawili na mtoto mmoja. Hili letu halibebi hata paka. Mwenye watoto aweke uzio na mlango unaojifunga, na mtu wa kuwaangalia.

Waliopukutikiwa makava, pigeni picha mbili, ukingo na katikati, muweke hapa chini. Anayemjua fundi anayepima maji kabla ya kumwaga, Entebbe au Kampala, aniandikie. Na nyie mnaotaka kuniletea "jingine": sipokei mpaka mkataba useme nani anapima, mara ngapi kwa wiki, na nani analipa kava likiliwa na klorini yenu. Dhamana mliyonikatalia bado naidai.