Mjadala: Transfoma moja, laini nne. Breka moja kubwa inatosha, au kila laini iwe na yake?

Mleta mada: Wakuu, habari zenu. Eneo letu la viwanda vidogo lina transfoma yake, kVA 100, inapokea kV 33 na kutoa volti 400. Chini ya nguzo kuna breka moja ya ampia 160, halafu nyaya nne za shaba za mm 16 za mraba zimekazwa pamoja hapo hapo: mashine ya unga, mafriza ya samaki, maduka, na wachomeleaji kule mwisho, mita 120 hivi. Kamati inataka kila laini ichange ifungiwe breka yake. Nusu ya wanachama wanasema huo ni ulaji tu. Mnasemaje? Na tuseme ukweli, wachomeleaji ndio wanaotuzimia umeme, wangelipa wao.

Kijana wa Moto: Hapo mwisho ndipo ulipoharibu. Nani kakwambia ni sisi? Juzi umeme ulikata mara tu mota ya unga ilipowashwa, mimi nimeshika bawaba mkononi sijapiga hata nukta moja. Kila baya mchomeleaji.

Mama Sangara: Mimi ampia sizijui. Najua nikifungua friza nakuta maji yanatiririka sakafuni kwa sababu mtu wa kule mwisho amekata waya wake kwa grainda. Shoti yake, hasara yangu.

Kijana wa Moto: Mama, grainda ni mara moja tu na waya mlikuwa mmeupitisha chini ya bati letu.

Fundi Msongo: Jamani tulieni. Breka ya 160 iko pale kwa ajili ya transfoma. kVA 100 kwa volti 400, fezi tatu, ni ampia 144. Waya wa mm 16 ni habari nyingine, ukiupitishia zaidi ya 60 na kitu mfululizo unaanza kujioka. Sasa shoti ya fezi na nyutro ikitokea kule kwa wachomeleaji, kwenda na kurudi ni mita 240 za waya, mkondo unaopita ni kama ampia 750 tu. Breka za aina hiyo kwa kawaida hukata papo hapo zikifikiwa na mara 10 ya namba yake, yaani 1,600. Hapo haijafikiwa, kwa hiyo inangoja mpaka ipate joto, sekunde 15 au 20. Waya wenye ganda la plastiki (PVC) kwa mkondo huo unavumilia sekunde 6 hivi. Wenyewe pigeni hesabu nani anatangulia. Weka breka ya 63 aina C (hukata papo hapo kati ya mara 5 na 10 ya namba yake) mwanzoni mwa ile laini, ikifika 630 imeshakata, na friza za mama hazijui kama kuna kilichotokea.

Mjumbe wa Kamati B: Kule juu ya nguzo kuna fyuzi za msongo mkubwa. Kazi yake nini?

Fundi Msongo: Fyuzi zile haziioni hiyo shoti ya ampia 750. Kwa transfoma ya delta-nyota (ndivyo koili zake za ndani zilivyoungwa), zikifika kule kV 33 zimekuwa kama ampia 5. Zile ni za transfoma ikilipuka yenyewe.

Mwenye Hesabu: 63 mara nne ni 252. Transfoma inatoa 144. Fundi anataka tununue transfoma nyingine, labda ana binamu anauza.

Fundi Msongo: Sina binamu. Ile 160 haiondoki, inabaki juu ya zote nne, na kama ina kile kiskrubu cha kurekebisha irudishwe kwenye 144. Ya juu inalinda transfoma, za chini kila moja inalinda waya wake. Hamtawasha vyote kwa pamoja hadi mwisho, na mkiwasha, ya juu itakata.

Mbeba Boksi: Huku Texas nafanya kazi hizi. Kanuni yetu inaruhusu hata kuondoa ile kubwa, ukaweka kadhaa upande wa kutokea, zisizidi sita, zikae sehemu moja, na jumla yake isizidi kile ambacho breka moja ingeruhusiwa. Hapo 252 ya Mwenye Hesabu ingekuwa na maana. Ila mnachosahau ni kipande cha waya kati ya transfoma na breka ya kwanza. Hicho hakina mlinzi. Huku wanakibana kiwe kifupi, mita 3, wakati mwingine 7 na ushee. Chenu kina mita ngapi?

Mwenye Hesabu: Texas! 2021 si ndio mlilala gizani kwenye theluji? Leo mnatufundisha umeme.

Mbeba Boksi: Gridi ya jimbo na breka ya ukutani wapi na wapi? Soma kwanza.

Mwenye Hesabu: Nimesoma. Baridi ndiyo iliwashinda.

Mjumbe wa Kamati B: Hahaha. Mwacheni ndugu yetu, katumia dola zake kuingia hapa.

Mzee wa Unga: Sijaona mtu akijibu langu. Mota yangu ni kW 15, ikiwashwa inavuta mara sita ya kawaida. Breka ya 63 si itanidondokea kila asubuhi?

Fundi Msongo: Mzee, kawaida yako ni ampia 30 hivi, mara sita ni 180, kwa sekunde chache. C ya 63 kukata papo hapo inaanzia 315. Ikikusumbua funga stata ya nyota-delta, inayopunguza mkondo wa kuwashia mota. Wewe uko mita chache tu kutoka nguzoni, hata aina D, inayongoja mara 10 hadi 20 ndipo ikate papo hapo, utaimudu. Wachomeleaji wasithubutu D, kwa umbali ule 750 huenda zisiikate.

Kijana wa Moto: Ona, mzee anapewa ushauri, sisi tunapewa "wasithubutu".

Mama Sangara: Mimi nalipa yangu kesho. Lakini isiwe breka feki ya bei ya nyanya, na kabati lifungwe kwa kufuli.

Mzee wa Unga: Sawa, kufuli. Ufunguo nakaa nao mimi, niko karibu.

Kijana wa Moto: Ndiyo hiyo sasa! Yaani laini yangu ikikata usiku nije nikugongee mlango?

Mjumbe wa Kamati B: Ufunguo ni wa kamati.

Mama Sangara: Kamati ipi? Ile ya mita iliyopotea?