Kufuata jua mbali na mtoto wa miaka miwili (Disney hapana): tupeane uzoefu

Mama Nunu
Habari zenu wadau. Tuko Coventry, Uingereza, saa kumi jioni giza limeshaingia, binti yangu ana mwaka na miezi tisa na amekaa ndani mpaka amejua kufungua friji mwenyewe. Babake kapata likizo wiki tatu kuanzia mwisho wa Januari, tumesema safari hii tunalifuata jua popote lilipo, hata masaa kumi ya ndege ntavumilia. Sasa wifi yangu yuko Orlando, Marekani, anatuvuta twende Disney, eti chini ya miaka mitatu mtoto haingii kwa tiketi. Sawa halipi, lakini mi na babake si tunalipa? Na akishaingia afanye nini, vile vyombo vingine vya kupanda wanampima mtu urefu kwanza. Huyu furaha yake ni kumimina maji toka kikombe hiki kwenda kile, anaweza kukaa nusu saa. Kwa hiyo Disney na ndugu zake wote hapana. Mliosafiri na watoto wa umri huu mlienda wapi, ndege mlifanyaje, nini kiliwatoa jasho? Za kweli jamani, sio za Instagram.

Baba Ilham
Dada kabla hujafika kwenye bahari angalia tarehe ya kuzaliwa. Chini ya miaka miwili anakaa mapajani na unalipa kidogo, mashirika mengi wanachukua kama asilimia 10 ya nauli ya mkubwa. Akitimiza miwili anatakiwa kiti chake, na wanaangalia umri wa siku ya kila ndege, sio siku uliyonunua. Sisi wetu alitimiza miwili tukiwa huko huko likizo, wakala aliyetukatia hakusema kitu na sisi hatukuuliza, siku ya kurudi dada wa kaunta akafungua pasi, akaangalia, akamwita mwenzie. Tulinunua kiti pale pale kwa bei ya siku hiyo, wacha niishie hapo.

Alafu hata kama bado hajafika, kama mfuko unaruhusu mnunulie. Kile kitanda cha ukutani kwenye ndege vingi mwisho kilo 11 hivi, wa kwako atatoa miguu nje. Wangu alikuwa na kilo 12, masaa nane mapajani, nilishuka siwezi kunyoosha goti.

Mama Junior
Na kama unasafiri peke yako bila babake beba cheti cha kuzaliwa na barua yake, hasa kama majina ya ukoo hayafanani. Mi niliulizwa uhamiaji nikirudi Uingereza, mtoto mwenyewe ndo aliniokoa alivyoanza kulia mama mama. Maziwa yake na maji ya kuchanganyia unaruhusiwa kupita nayo hata kama yamezidi mil 100, usikubali kuyamwaga, we sema tu ni ya mtoto watayapima.

Bi Shani wa Jambiani
Mwanangu huyo mminaji maji mlete kwetu Unguja, wallahi hutojuta. Mie naishi London, kila Februari narudi nyumbani na kijana wangu, mara ya kwanza alikuwa na miaka miwili na mwezi mmoja. Watu wanamwambia mwenye mtoto aende kaskazini, Nungwi au Kendwa, kwa kuwa kule maji hayendi mbali, unaogelea wakati wowote. Ni kweli, ila hayo ni mambo ya wakubwa. Huku mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa bahari inaondoka mpaka huioni, inabaki michanga na vidimbwi vya maji ya uvuguvugu kina chake kifundo cha mguu. Sisi tulimpa kikombe cha chai cha bati. Akakaa kwenye kidimbwi kimoja asubuhi nzima, anachota, anamwaga, kuna visamaki kama kidole vinampita anavipigia kelele, wanawake wa mwani wanapita na magunia yao kichwani wanamsalimu, yeye hata kuitika haitiki, ana kazi. Mie niko pembeni na mwamvuli. Siku nne mfululizo kidimbwi kile kile! Maji yakianza kujaa unamchukua, maana yanarudi mbio kuliko unavyodhani, hapo usiwe na simu mkononi.

Viatu vya plastiki lazima, kuna wale viumbe wa baharini wa miba myeusi, ukimkanyaga mmoja likizo imekwisha. Saa tano mpaka saa tisa mtoto asiwe juani, Februari ni kaskazi, joto lake si la mchezo, mpe dafu alale chini ya feni. Dawa ya malaria muone daktari mapema, kipimo kinakwenda kwa kilo za mtoto, sie tukisaga kidonge tunakitia kwenye uji, na uliza kama nyumba ina chandarua kisicho na tundu, usione haya kukikagua. Kwa pasi za nje kuna bima ya lazima ya Zanzibar, mkubwa dola 44, mnalipia mtandaoni kabla. Na kama mnaunganisha ndege Nairobi au Addis mkakaa zaidi ya masaa 12 watataka cheti cha homa ya manjano, chagueni ya kuunganisha haraka.

Mtu wa Kilifi
Bi Shani umeniua na hicho kikombe 😂 Sisi tuko Calgary, Canada, tulienda Diani, pwani ya Kenya, na msichana wa miaka miwili na nusu. Wacha niwaambie kitu hakuna mtu anasema, ni masaa. Calgary na Kenya tumepishana masaa kumi, siku tano za kwanza toto lilikuwa linaamka saa nane usiku limevaa kiatu, linataka uji, linataka nje. Tuliona mapambazuko yote ya Bahari Hindi, ni mazuri, lakini sio kila siku. Mama Nunu wewe wa Uingereza mko na bahati, mnapishana masaa matatu tu na Afrika Mashariki, mtoto anachelewa kulala kidogo basi. Hiyo Orlando yenu ni matano na kurudi ndio mbaya zaidi. Mwambie wifi hivyo.

Toka Nairobi tulipanda treni ya SGR, wetu hakulipa juu alikuwa hajafika mitatu, na kwenye treni anatembea huku na huku kuliko kumfunga kwa gari. Mkishuka Miritini, stesheni ya Mombasa, mwambie dereva apite barabara ya Dongo Kundu, achana na ferry ya Likoni na mtoto, masanduku na kigari. Kitu kingine, tumbili wa Diani. Watoto wanawapenda, tumbili wanapenda ndizi ya mtoto. Wetu alinyang'anywa mkononi mezani, hakuumizwa, lakini mpaka leo akiona ndizi anaangalia juu kwanza.

Kisiki
Mnajinyima tu. Mi nilimpeleka wangu Disneyland ya Paris alifurahi mpaka kulia.

Baba Ilham
Alikuwa na miaka mingapi mkuu?

Kisiki
Mitano

Baba Ilham
Aaah.

Doto
Mi nije na makosa yangu ili msirudie. Tulitaka kila kitu, siku kumi, Arusha, Serengeti, alafu Zanzibar, na dogo wa mwaka na nusu. Barabara ya vumbi masaa sita ndani ya Land Cruiser, katapika mara tatu, tembo wamesimama hapo karibu kabisa yeye anachezea zipu ya begi. Nilivyomwambia angalia tembo akaniangalia mimi. Zipu ndo ilikuwa safari yake. Kambi nyingine hata hazipokei watoto wadogo, tulipata moja ikatuahidi kitanda cha mtoto kufika tunapewa godoro la kuweka chini, usiku mzima namsikilizia asiviringike. Kila baada ya siku mbili tunafunga mizigo, akishazoea kitanda tunahama. Wiki ya pili mke wangu alisema neno moja tu, tukae. Tukakaa. Kaeni sehemu moja, tembo watamsubiri.

Ummu Salim
Assalaam alaykum, mie nawakaribisha Maskati, Oman. Januari ni digrii kama 25, hamna jasho wala vidonge vya malaria, na Kiswahili mtakisikia mpaka mchoke, bibi zetu wengi wamezaliwa Unguja na Pemba. Toka London ndege ya moja kwa moja ni masaa saba na kitu. Bahari inakuwa na ubaridi kidogo mwezi huo, nasema kweli, mtoto atacheza mchangani zaidi. Ila Ijumaa asubuhi muendesheni mpaka Nizwa kwenye mnada wa mbuzi! Mbuzi wanazungushwa duara, wanalia, wazee na kofia zao za Kiomani wanapigiana bei, mtoto wa dada yangu wa miaka miwili alitaka tumnunulie mmoja, tulimtuliza kwa haluwa. Kiingilio bure.

Mama Nunu
Jamani asanteni nimesoma zote, babake naye nimemsomea kwa sauti. Tumekata tiketi ya Unguja, Jambiani, sehemu moja tu wiki zote tatu (Doto asante na pole). Nunu anatimiza miwili tarehe 19 Februari tunarudi 14, kwa hiyo mapajani ingewezekana lakini nimefikiria goti la Baba Ilham nikanunua kiti. Maskati tunaiweka mwakani, kwa ajili ya mbuzi. Wifi amenuna, amesema tunamnyima mtoto. Bi Shani, hivyo vidimbwi vipo kila siku au kuna siku zake?

Bi Shani wa Jambiani
Vipo kila siku ila saa inasogea, leo yakipwa saa tatu kesho karibu na saa nne. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio bamvua, hapo yanakwenda mbali kabisa. Muulize mvuvi yeyote atakwambia bila kutazama simu. Kikombe mletee cha kwake, cha kwangu kijana hakitoi.