Picha ya Stalin iliyochorwa na Gerasimov: ibaki ukutani au ifungiwe stoo?

Wadau, wapo wanaotaka picha za kumtukuza Stalin, aliyekuwa mtawala wa Umoja wa Kisovieti, zitolewe kwenye kumbi za makumbusho na kufungiwa stoo. Napinga, na mfano wangu ni mchoraji mmoja tu: Aleksandr Gerasimov.

Mwaka 1938 aliwachora Stalin na Voroshilov, waziri wake wa ulinzi, wakitembea ndani ya ngome ya Kremlin, kwenye turubai la karibu mita tatu kwa nne. Mvua imetoka kukatika, njia inang'aa kwa maji, mawingu yanatawanyika, na wakubwa hao wawili wanatazama mbali kama walinzi wa nchi nzima. Mwaka huohuo raia walikuwa wakikamatwa usiku na kupigwa risasi kwa maelfu, na Voroshilov alikuwa miongoni mwa waliotia saini orodha za kuuawa. Mwaka 1941 picha hiyo ikampatia Gerasimov Tuzo ya Stalin.

Sasa itazameni kazi yake ya 1935: baraza ya mbao nyumbani kwao, katika mji aliozaliwa, mara tu baada ya mvua. Meza imelowa, glasi imelala ubavu, maua yamo chomboni, na mbao za sakafu zinarudisha mwanga wa bustani. Hakuna kiongozi humo. Ni picha nzuri mno. Anayedai Gerasimov hakuwa na kipaji hajaiona.

Na ule mng'ao wa maji ndio uleule. Kitu alichokipenda kwa moyo alikichukua akaenda kumpambia nacho mtawala. Bila picha zote mbili mbele yako, hilo hulioni.

Wanaosema tutenganishe sanaa na siasa nao siwaungi mkono. Gerasimov hakuwa mtu wa kulazimishwa tu. Kuanzia 1947 alikuwa rais wa Akademia ya Sanaa ya Umoja wa Kisovieti, na mwaka 1948, Makumbusho ya Sanaa Mpya ya Magharibi yalipofungwa Moscow, yeye alikuwa upande wa wafungaji. Kazi za wachoraji Matisse na Picasso zilizokuwamo zikaondolewa machoni pa watu. Kisha Khrushchev, kiongozi aliyefuata, alipomshutumu Stalin mwaka 1956, zamu ya picha za Gerasimov kufichwa ikafika.

Kwangu zitundikwe zote mbili, bega kwa bega, na kibao kieleze aliyoyafanya. Mnaotaka ile ya Kremlin ifungiwe, nijibuni hili: mnatofautianaje na waliomfungia Matisse?