Nimegongwa nyuma kwenye taa. Je, nipokee laki mbili tumalizane?

Muuliza swali:
Ndugu zangu, Ijumaa iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye taa za Mwenge, Dar es Salaam, pikapu ikanigonga kwa nyuma. Bampa limepasuka, taa moja imevunjika na buti halifungi. Trafiki alipima na kuchora ramani ya tukio, na dereva alikiri kosa. Sasa mwenye pikapu anataka kunipa shilingi laki mbili taslimu, ilhali fundi anasema gharama itazidi hapo. Mimi nina bima ndogo tu.

Jibu la kwanza:
Usizipokee kwanza. Bima yako ndogo haitengenezi gari lako, kwa kuwa kazi yake ni kulipa hasara unayomsababishia mwingine. Kwa hiyo unayemdai ni mwenye kosa, na kupitia kwake bima yake, iwapo inagusa pia uharibifu wa mali. Hakiki uhai wa bima hiyo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa kutumia namba ya gari, kisha uombe ripoti ya polisi na makadirio ya gereji. Gari lisianze kutengenezwa kabla mkaguzi wa bima hajaliona.

Jibu la pili:
Naongeza jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Aliye nyuma ndiye mwenye wajibu wa kuacha nafasi, lakini hilo halimfanyi awe mkosaji kila mara: kama taa zako za breki zilikuwa mbovu, au gari lako lilirudi nyuma, sehemu ya lawama inaweza kukuangukia na fidia ikapungua. Je, zilikuwa zinawaka? Vilevile, kama dereva alikuwa kazini, mwajiri wake naye anaweza kudaiwa.

Jibu la tatu:
Shingo je? Maumivu ya kugongwa nyuma mara nyingi huanza siku ya pili au ya tatu. Ukiyasikia, chukua PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo kwenye matibabu) kituoni uende hospitali, na usisaini karatasi yoyote inayosema huna madai mengine. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3 mahakamani, basi hakuna sababu ya kukimbilia laki mbili.

Muuliza swali:
Nashukuru. Taa zilikuwa zinawaka, na picha nilizopiga pale pale zinaonyesha hivyo. Shingo imekaza kidogo tangu jana, kwa hiyo leo naanzia kituoni kuchukua PF3.